Kabla Hujamlaumu Muuza Spea, Fungua Rejeta

Mwangaluka, mafundi wenzangu. Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua nitaanzia wapi. Nitaanzia hapo hapo.

Gari limetoka gereji, giaboksi otomatiki imesukwa upya, pleti mpya za klachi, sili mpya, mteja kalipa. Wiki ya tatu linapanda mlima wa Bugando, injini inanguruma, gari haliendi. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anamlaumu muuza spea, muuza spea anaapa kwa watoto wake. Mimi nauliza kitu kimoja: rejeta mliifanyaje? Kimya, kama sasa hivi.

Nilijifunza kwa aibu. Kulikuwa na Noah ya mama mmoja, anachukua sato Mwaloni Kirumba alfajiri anapeleka Igoma. Giaboksi yake niliisuka kwa mikono yangu, pale Nyakato. Pleti zilikuwa nyeusi kama mkaa, nikaweka mpya, nikafunga, nikajisifu. Siku ya 19 karudi. Nafungua, pleti zimeungua tena. Nikamwambia, "Mama, unazidisha mzigo." Uongo mtupu, ila siku ile niliuamini. Nikasuka tena, safari hii kwa hela yangu. Siku ya 11 simu inaita: "Baba, gari limelala Buzuruga, na samaki wamo ndani." Barafu nililipa mimi.

Jioni ile nikafungua yale mabomba mawili yanayopeleka na kurudisha oili ya giaboksi kwenye kipozeo chake, kilicho chini ndani ya rejeta. Nikapuliza kompresa kwenye bomba la kurudia, lile la kwendea nikalikingia ndoo nyeupe ya rangi. Kwanza haikutoka kitu. Kisha rejeta ikakohoa, ikatema uji mweusi, mzito, wenye chembe zinazometameta; kijana wangu akasema tumepata dhahabu, tusiende tena Geita. Ule uji ulikuwa pleti na bushi za giaboksi iliyokufa mwanzo. Nimesuka mara mbili, na mara mbili nimeirudishia uchafu wake wenyewe. (Na msikinge kwa uso, kuna mtu alikinga kwa uso.)

Kipozeo kikiziba, oili hairudi ikiwa imepoa. Joto linakausha sili, presha inavuja, pleti zinateleza badala ya kushika, na pleti inayoteleza inaungua. Chembe nazo zikiingia kwenye valvu bodi, ile inayogawa presha ya oili, valvu inakwama. Hapo hata ungeweka pleti mpya kutoka Japani, unachoma hela tu.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Mzee, sisi huwa tunapitisha mafuta ya taa." Mnapitisha upande gani? Uchafu ulioingilia mbele hausukumwi mbele, utazidi kujikaza. Anza kwa kurudisha nyuma, hadi kinachotoka kiwe safi kwenye kitambaa cheupe, halafu kausha kwa upepo. Na vile vipozeo vyenye njia nyembamba kama unyasi havisafishiki, badilisha. "Mteja hana hela ya rejeta." Ya kusuka mara tatu anayo?

Ukishafunga, pima. Bomba la kurudia liingize ndooni, washa gari likiwa kwenye P, hesabu. Kwa gari nyingi tunategemea lita moja ndani ya sekunde 30 hivi. Likitoa kwa machozi, usimkabidhi mtu gari. Zima haraka, usije ukakausha giaboksi, na oili uliyotoa uirudishie.

Haya, niharakishe. Gari likirudi, kabla ya kushika spana uliza: lilikufa lini? Likifa siku ya kwanza, shuku ufungaji. Konvata, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi, haikukaa mpaka ndani ya pampu ya oili, ukavuta giaboksi kwa kukaza bolti, pampu ikapasuka. Bolti si winchi! Konvata inatakiwa izunguke kwa mkono, giaboksi ikiwa imeshagusana na injini, kabla hujakaza hata bolti moja. Na konvata ile ile ya zamani, iliyojaa uchafu ule ule? Nitakasirika, tuiache.

Likifa baada ya wiki kadhaa, shusha sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, utazame sumaku yake. Tope jepesi la kijivu lisikutishe. Vipande vya njano ni bushi. Weusi unaonuka kuungua ni pleti. Oili ikiwa kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, na gundi ya pleti haivumilii maji. Mnaona tumerudi kwenye rejeta? Sikupanga.

Oili ya giaboksi: T-IV na WS zote ni aina za Toyota, lakini huwezi kumimina yoyote tu kwa sababu zote nyekundu. Toyota yenye stiki ya kupimia oili inapimwa ikiwa ya moto, injini inaunguruma; Honda unazima kwanza. Ukipima ya baridi kwa alama ya moto, umejaza kupita kiasi, oili inatoka povu, na povu halina presha.

Mambo ya umeme, solenoidi na kompyuta kufundishwa upya, nilikuwa nimeyaandikia kurasa nne. Mwenye ukumbi ananionyesha saa. Basi njooni nje, kuna Harrier pale chini ya mwembe, imesukwa mwezi uliopita na imeshagoma. Nani ana ndoo nyeupe?