Usimwambie "ni gemu tu": maongezi ya Moshi kuhusu kufiwa na mwenzako wa kwenye gemu

Shikamooni wazee wangu, na nyie wadogo zangu mambo. Asanteni kwa kuja na hii mvua, najua wa kutoka Pasua na Kiboriloni mmefika mmelowa, sogeeni huku mbele viti vipo.

Wengi hapa mnanijua kama anti wa gemu. Nina chumba changu Majengo, tivii sita, Xbox 360 za mtumba mbili na zilizobaki ni PlayStation, mwaka wa tisa sasa hivi. Vijana wengi wanaokuja wanacheza mpira, lakini kuna kundi dogo linakaa kona ya ndani linacheza RPG, zile gemu ndefu ambazo wewe unaishi kama mhusika, unasafiri na wenzako masaa thelathini arobaini, unawapa silaha, unapiga nao stori, unajua nani anamkumbuka mama yake na nani hataki kuongelea kwao, halafu siku moja mmoja anakufa. Hiyo siku ndo nimekuja kuiongelea, maana nimeiona mara nyingi na mara ya kwanza niliikosea vibaya.

Nianze na Aerith, msichana mmoja wa wenzako kwenye gemu ya Final Fantasy VII. Ilitoka mwaka 1997, CD tatu, na mwisho wa CD ya kwanza Aerith amepiga magoti anaomba, adui Sephiroth anashuka kutoka juu na ule upanga mrefu anamchoma, basi. Hakuna kitufe cha kumwokoa. Watu walihangaika jamani, uvumi ukazagaa dunia nzima kwamba kuna njia ya siri ya kumrudisha, wengine wakaitafuta miaka na miaka, njia haikuwepo. Mimi nilipoicheza kilichoniuma zaidi siyo upanga, ni kile kinachofuata. Bosi, yaani adui mkubwa, anatokea palepale lazima upigane, na muziki wa vita hauji, unaendelea ule wimbo wake Aerith, taratibu, huku wewe unabonyeza pedi. Waliotengeneza ile sehemu wanaujua msiba. Mfiwa mikono inafanya kazi, anapokea wageni, anahesabu sahani, anauliza turubai limefika, na kichwani kuna kitu kingine kabisa kinaimba.

Halafu baadaye sana ukirudi kule mji wa Midgar, kwenye kanisa lake lenye maua, ukiingia tu unamuona kama sekunde moja hivi, kisha hayupo. Aliyewahi kufiwa na kumuona marehemu kwa nyuma pale stendi, akaongeza mwendo kumfuata, huyo hahitaji kuelezwa.

Kifo cha Aerith angalau hakina lawama, kila aliyecheza alimpoteza. Kibaya ni kile ambacho wewe umechangia. Gemu za Fire Emblem tangu ile ya kwanza 1990 mtu wako akifa vitani amekufa, na wachezaji wengi wakifiwa walikuwa wanazima mashine waanze ile vita upya hata kama walishacheza saa nzima, mpaka 2010 wenyewe wakaweka chaguo la kufanya walioanguka warudi vita ikiisha. Kwenye gemu ya Skyrim mwenzako akizidiwa nguvu anapiga goti na mara nyingi maadui wanamuacha, kwahiyo mara nyingi kinachommaliza Lydia, yule mlinzi wako, ni moto uliourusha wewe mwenyewe. Hapo mtu anakaa na pedi mkononi anajiuliza nimefanya nini.

Sasa nije kwa kijana wangu, jina silitaji, mwenyewe ameniruhusu niseme. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, yuko nyumbani anasubiri matokeo, kila siku saa nane anakuja kucheza Mass Effect 2. Ile ya 2010 ina timu kubwa ya watu unaowakusanya mmojammoja kwa ajili ya safari moja ya hatari mwishoni, na kila mtu anaweza kupona na kila mtu anaweza kufa, hata wewe kapteni, inategemea umempa nani kazi gani. Yeye mtu wake alikuwa Mordin, daktari wa sayari nyingine, mzee, anaongea harakaharaka sentensi fupifupi, anavuta pumzi kwa nguvu anaendelea. Kijana alikuwa anamuiga mle ndani mpaka wenzake wanacheka. Mwishoni akamuacha Mordin na wengine walinde mlango. Hakujua kwamba gemu inapiga hesabu ya nguvu ya waliobaki, na nguvu ikipungua Mordin ndo yuko wa kwanza kwenye foleni ya kuondoka. Angempa kazi ya kuwasindikiza mabaharia kurudi melini, na shida binafsi ya Mordin awe alishamtatulia kabla, mzee angefika.

Akakaa kimya. Machozi yakaanza. Wenzake wakacheka, na mimi mtu mzima nikamwambia ni gemu tu mdogo wangu, lodi upya, yaani arudi pale alipohifadhi gemu kabla ya kifo. Akaweka pedi mezani vizuri kabisa, akaaga, hakuonekana wiki mbili.

Aliporudi ndo akanieleza. Babu yake alikuwa daktari wa mifugo huko Kibosho, anaongea vilevile, harakaharaka, haumalizi swali ameshajibu. Babu alifariki Novemba katikati ya mitihani ya taifa, na kijana yuko bodingi, familia ikaamua asiambiwe mpaka amalize. Walikuwa na nia njema, siwalaumu, wangapi humu tumefanya hivyo? Amemaliza mtihani wa mwisho, amefika nyumbani anakuta kaburi liko kihambani, kwenye shamba la ukoo, udongo umeshashuka, masale, ile mimea ya kaburini, yameshapandwa, turubai limesharudi kwa mwenyewe, watu wameshalia wamemaliza. Hakuna aliyempa pole maana pole ziliisha. Akaishi hivyo mwezi na kitu, mpaka akafa daktari anayeongea harakaharaka, tena kwa uamuzi wake yeye, na anti anamwambia lodi upya.

Kuna mtaalamu Mmarekani, Kenneth Doka, mwaka 1989 aliandika kuhusu aina hii ya majonzi, yale ambayo jamii haiyatambui, hakuna ruhusa ya kulia, hakuna wa kuja kukaa na wewe. Mimi niliposoma nilimuona kijana wangu palepale. Na sisi huku jamani tunajua kukaa na mfiwa kuliko watu wengi! Mtu akifiwa Rau hatumuulizi kama marehemu alikuwa na umuhimu wa kutosha, tunaenda tunakaa, chai inachemka, mtu anasimulia marehemu alivyokuwa.

Kwahiyo siku hizi chumbani kwangu mambo yamebadilika. Mtu akipoteza mwenzake kwenye RPG namwambia usiguse sevu leo, ile gemu uliyoihifadhi. Sijakataza kulodi, ukitaka kesho lodi, ni gemu yako, lakini leo kwanza kaa, tuambie alikuwa nani, mlikutana wapi, kwanini unasema umemuua wewe. Chai nalipia mimi. Wanaocheza mpira mwanzoni walikuwa wananung'unika, sasa na wao wanasogeza viti wanauliza. Na nimegundua kitu, ukimwacha mtu asimulie, dakika ya kumi hivi mara nyingi anaacha kumtaja mhusika anaanza kumtaja mtu. Siyo wote, wengine wanamlilia mhusika mwenyewe tu na hilo nalo ni sawa kabisa, masaa arobaini siyo kidogo, kuna ndugu hujakaa nao masaa arobaini.

Mzazi ukimkuta mtoto analia mbele ya tivii nakuomba usiseme nilichosema mimi. Muulize jina la aliyekufa. Hilo tu, jina, halafu nyamaza.

Yule kijana alimpigia bibi yake, akapanda Kibosho Jumamosi, bibi akampeleka kaburini akamwacha peke yake muda mrefu. Aliniambia aliomba radhi kwa kutokuwepo. Akarudi Majengo na sevu yake ileile, hakulodi, akaingia Mass Effect 3 ya mwaka 2012. Ile gemu inakumbuka, ukiwa ulimpoteza Mordin kule nyuma basi kazi yake anaifanya daktari mwingine wa kabila lilelile, anaitwa Padok Wiks, na anaifanya vizuri. Nilikuwa nimekaa pembeni yake alipotokea. Kijana akamsikiliza mpaka akamaliza kuongea, akanigeukia, akasema anti huyu ni mtu mzuri, lakini siyo yeye. Akashika pedi akaendelea.