Flevoland: mkoa uliotolewa chini ya maji

Mabibi na mabwana,

Mkoa tutakaouzungumzia leo ni mdogo kwa umri kuliko baadhi yenu mliokaa safu za mbele. Flevoland ulianzishwa rasmi tarehe 1 Januari 1986, ukawa mkoa wa 12 wa Uholanzi. Makao yake makuu ni Lelystad na mji wake mkubwa ni Almere. Karibu nchi kavu yake yote ilikuwa sakafu ya bahari ya ndani iliyoitwa Zuiderzee.

Habari za mkoa huu husimuliwa kama ushindi wa siku moja: bahari ikafukuzwa, ngano ikaota. Kwa mhandisi au mkulima, simulizi hiyo haina faida. Nitazifuata polda zake moja baada ya nyingine, yaani vipande vya ardhi vilivyozungushiwa tuta na kukaushwa, kwa sababu kila kimoja kilijengwa kikisahihisha kasoro ya kilichotangulia. Ramani ya Flevoland inaonekana ya ajabu hadi ujue kasoro hizo.

Kwanza bahari. Mhandisi Cornelis Lely alikuwa na mpango wa kuifunga Zuiderzee tangu 1891, ukakaa kabatini kwa sababu ya gharama. Januari 1916 dhoruba ilibomoa matuta kuzunguka bahari hiyo, na vita vya Ulaya vikaleta upungufu wa chakula. Lely, wakati huo akiwa waziri, akapata sheria yake tarehe 14 Juni 1918. Tuta kuu, Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, lilifungwa tarehe 28 Mei 1932. Lina milango ya maji Den Oever na Kornwerderzand. Bahari ikipwa milango hufunguliwa na maji ya ziwa hutoka yenyewe; ikijaa hufungwa. Kwa kuwa mto IJssel huleta maji matamu bila kukoma, miaka michache ilitosha kuigeuza bahari ile kuwa ziwa la maji baridi, IJsselmeer. Heringi na dagaa wakatoweka, na wavuvi wakabaki na mikunga. Serikali ilikuwa imepitisha sheria ya kuwafidia mwaka 1925.

Sasa tuta lenyewe, maana wengi hudhani ni mchanga uliorundikwa tu. Kwanza matope laini na mboji, yaani udongo wa mimea iliyooza, huchimbwa kwenye mstari wa tuta na mahali pake hujazwa mchanga. Ukiacha mboji chini, tuta litadidimia na kupasuka. Kisha humwagwa keileem, udongo mzito wa mfinyanzi wenye mawe ulioachwa na barafu za kale, ambao mkondo wa maji hauuchukui kwa urahisi. Nyuma ya ukingo huo hupulizwa mchanga kwa bomba. Chini ya maji, pembeni mwa tuta, huzamishwa mikeka mikubwa ya matawi ya mierebi iliyofungwa pamoja na kulemewa kwa mawe. Kazi yake ni kuzuia maji yasichimbe sakafu. Juu ya maji huja udongo wa mfinyanzi, kisha mawe ya basalti yanayopangwa moja moja. Saa ya hatari ni ya mwisho: pengo likizidi kuwa jembamba, mkondo huenda kasi na kuchimba shimo pale pale unapotaka kuziba. Baada ya 1932 hapakuwa tena na kujaa na kupwa ndani ya ziwa, kwa hiyo matuta ya polda zilizofuata yalifungwa kwa taabu ndogo zaidi.

Kasoro ya kwanza ilikuwa chumvi. Wieringermeer, polda ya kwanza kubwa, ambayo leo iko mkoa wa Noord-Holland, ilikaushwa 1930, kabla Afsluitdijk halijafungwa. Ardhi iliyojitokeza ilikuwa na chumvi ya bahari na ikabidi isafishwe kwa mvua, mifereji na jasi. Polda zote za Flevoland zilitolewa kwenye ziwa lililokwisha kuwa tamu. Kutoka Wieringermeer ilirithiwa pia desturi nzuri: pampu zake zilikuwa vituo viwili, kimoja cha umeme na kingine cha dizeli, ili umeme ukikatika polda isizame.

Noordoostpolder ndiyo iliyofuata, hekta 48,000. Tuta lilifungwa Desemba 1940, chini ya utawala wa Wajerumani, na ardhi ikatangazwa kavu Septemba 1942. Ilimeza visiwa viwili. Schokland kilikuwa kimehamwa kwa amri ya serikali mwaka 1859, kwa umaskini na mafuriko. Leo ni mwinuko mwembamba katikati ya mashamba ya viazi, na tangu 1995 kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, cha kwanza kutoka Uholanzi. Urk, kilichounganishwa na bara kwa tuta mwaka 1939, kilitabiriwa kufa. Hakikufa. Wavuvi wake walihamia Bahari ya Kaskazini, na mji huo ungali na mnada mkubwa wa samaki, lahaja yake, na makanisa yanayojaa Jumapili. Ukitaka kuona Flevoland yenye wazee waliozaliwa pale na babu zao waliozaliwa pale, nenda Urk. Kwingine kote kila ukoo ulihamia.

Kasoro ya Noordoostpolder ni somo ambalo kila mhandisi wa maji anapaswa kulijua. Ilibandikwa moja kwa moja kwenye bara la zamani, bila maji katikati. Ardhi mpya iko mita kadhaa chini ya ile ya jirani, na maji ya chini ya ardhi hufuata mteremko kama yale ya juu. Yakaanza kupenyeza kutoka mikoa jirani ya Friesland na Overijssel kuingia poldani. Ardhi ya zamani ikakauka, mboji yake ikasinyaa, na pampu za polda zikawa zinainua maji ya jirani. Sehemu za pembeni zisizofaa kwa kilimo zikapandwa misitu. Hata hivyo, tofauti hiyo ya kimo ilipata mtumiaji: karibu na Marknesse, kuanzia miaka ya 1950, maabara ya maji ya Delft ilijenga ndani ya msitu mifano midogo ya bandari na mito, ikiiendesha kwa maji yaliyoteremka yenyewe kutoka nje ya polda.

Tazameni sasa ramani. Kati ya bara na polda mbili zilizofuata kuna utepe wa maziwa membamba: Drontermeer, Veluwemeer, Wolderwijd, Gooimeer. Watalii hudhani ni ya mashua za starehe. Yaliachwa makusudi yashikilie maji ya chini ya ardhi ya bara yasishuke. Oostelijk Flevoland, hekta 54,000, tuta lake lilifungwa Septemba 1956 na ikawa kavu Juni 1957. Zuidelijk Flevoland, hekta 43,000, ikafuata 1968. Kati ya hizo mbili limeachwa tuta la ndani, Knardijk, lenye milango: upande mmoja ukifurika, mwingine hufungwa ukapona.

Kukausha ndiko kulikochukua miezi. Kuifanya sakafu ya ziwa iwe shamba kulichukua miaka. Maji yakiisha linabaki tope laini kama uji, halibebi mtu wala trekta. Ukiliacha, magugu hulivamia. Kwa hiyo ndege zilimwaga mbegu za matete. Matete hunyonya maji mengi na kuyatoa hewani, mizizi yake huingiza hewa, udongo husinyaa na kupasuka nyufa nyembamba, na nyufa hizo ndizo njia za maji baadaye. Udongo ukishika, matete huchomwa, mifereji huchimbwa, kisha hufukiwa mabomba ya kutolea maji. Zao la kwanza lilikuwa la mafuta, jamii ya kanola, kwa sababu huvumilia udongo mbichi; kisha nafaka. Serikali yenyewe ililima kwa takriban miaka mitano kabla ya kumkabidhi mkulima. Haraka hapa ni hasara: ukipitisha mashine nzito kabla udongo haujakomaa unaziba nyufa zile zile unazozihitaji. Wakati wa kuchimba mifereji zilipatikana pia meli. Mabaki ya zaidi ya meli 400 yameonekana katika polda hizi.

Mashamba yalikodishwa kwa kuchagua watu. Mwombaji alihojiwa, alitembelewa nyumbani, na hata utunzaji wa nyumba wa mkewe uliandikwa. Wakulima kutoka Walcheren, kisiwa cha zamani kilichozamishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na walioathirika na mafuriko ya 1953 walipata nafasi pia. Vijiji vingi vya Noordoostpolder vilipewa makanisa matatu na shule tatu, kwani Wakatoliki na madhehebu mawili ya Kiprotestanti kila mmoja alitaka vyake. Mji wa Emmeloord uliwekwa katikati na vijiji 10 vikauzunguka, kwa umbali wa mtu wa baiskeli. Kimoja, Nagele, kilichorwa na wasanifu wa kisasa na nyumba zake zina mapaa bapa. Wengine hukipenda sana, mimi nadhani upepo wa huko ulistahili miti mingi zaidi.

Hesabu ya baiskeli ndiyo kasoro ya pili ya Noordoostpolder. Motokaa zilipoenea na matrekta kupunguza vibarua, vijiji hivyo vikawa vidogo mno kwa duka na shule. Oostelijk Flevoland ilipangiwa vijiji vingi; vilivyojengwa, ukiacha mji wa Dronten, ni Biddinghuizen na Swifterbant. Viwanja vya shamba navyo vilikua: hekta 24 Noordoostpolder, 30 kisha 60 kusini.

Lelystad ilipata pigo zaidi. Wakazi wa kwanza walifika 1967, mji ukiwa umepangwa uwe kitovu cha polda zote, pamoja na ya tano, Markerwaard. Tuta lake kutoka Lelystad hadi Enkhuizen lilikamilika 1975. Polda haikujengwa kamwe: chakula hakikuwa haba tena, na wapenzi wa maji na ndege walipinga. Mji ukabaki pembeni ya ziwa, bila reli hadi 1988, huku Almere, iliyopokea wakazi 1976, ikikua kwa watu wa Amsterdam waliokosa nyumba, hadi kupita 200,000.

Eneo la viwanda lililotengwa kati ya miji hiyo lilikaa bila viwanda. Likajaa maji, matete na bata bukini, na sasa ni hifadhi ya Oostvaardersplassen. Waliingizwa ng'ombe, farasi na kulungu, wakazungushiwa uzio, wakaachwa waongezeke. Majira ya baridi ya 2017 hadi 2018 maelfu walikufa kwa njaa au kwa kupigwa risasi kabla njaa haijawamaliza, na watu wakarusha nyasi kavu juu ya uzio. Mnyama asiye na pa kuhamia si mnyama wa porini. Tangu hapo idadi yao inadhibitiwa.

Pampu hazijawahi kupumzika. Katika polda mbili za kusini mifereji mikuu ina viwango viwili, mita 5.20 na mita 6.20 chini ya kipimo rasmi cha Amsterdam, ambacho ni karibu usawa wa bahari, na maji huinuliwa hadi ziwani na vituo vinne: Wortman, Colijn, Lovink na De Blocq van Kuffeler. Udongo unaendelea kusinyaa. Mahali uliposhuka zaidi ya mita moja, mabomba ya shambani hukaribia usawa wa mfereji na shamba hubaki na maji. Mkulima huomba mfereji ushushwe; ukishushwa, udongo hukauka na kushuka tena. Uamuzi huo ni wa bodi ya maji ya Zuiderzeeland, ambayo wajumbe wake wengi huchaguliwa kwa kura kila miaka minne, na kila kaya mkoani huilipa kodi yake ya pekee.