Ari Gizani, Ubavuni mwa Volkano

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie kinachomfanya mtu aendelee na jambo gumu, nami nitaanza na usiku mmoja wa safari, nilipopanda Ol Doinyo Lengai, volkano hai yenye urefu wa mita 2,962 iliyo kusini mwa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, ambayo kwa Kimaasai jina lake humaanisha Mlima wa Mungu.

Wapandaji huanza safari karibu na usiku wa manane ili wakwepe jua. Ubavu wa mlima ni mkali, umetandwa na majivu na kokoto zisizoshika mguu, hivi kwamba ukipiga hatua moja unarudi nusu yake. Kwa saa kadhaa nilichokiona ni duara la mwanga wa tochi na visigino vya kiongozi aliyenitangulia. Kilele, ambacho jioni yake nilikitazama kwa hamu na kujiapiza kukifikia, kilikuwa kimemezwa na giza.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Mmarekani Clark Hull alitoa hoja kwamba mnyama huongeza juhudi kadiri anavyolikaribia lengo lake, hoja aliyoihusisha na panya wanaotafuta chakula mwisho wa njia. Siipingi, ila panya wale hawakuwa wakikwea majivu. Mimi nilipoambiwa kwamba tumebakiza kidogo, ndipo nilipoketi, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimelisikia mara tatu tayari, na kila mara mlima uliendelea.

Nadhani nilikuwa nimechanganya mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri. Hamasa tunatiwa na wengine, mara nyingi kwa kelele, na yangu iliisha kabla ya nusu ya njia. Motisha ni kitu mtu anachopewa au anachoahidiwa, na kwangu kilele kilikuwa ndicho hicho, yaani zawadi niliyojiahidi mwenyewe. Ari ni kule kukataa kushindwa, na ari haidai kuonyeshwa zawadi. Niliacha kuuliza tumebakiza kiasi gani, nikawa nahesabu hatua ishirini, napumua, kisha nahesabu ishirini nyingine.

Tulifika alfajiri, na huko juu nikaelewa kwamba kilele cha volkano si kitu cha kutegemea. Lengai ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kwa kutoa lava ya karbonatiti, yaani iliyojaa madini ya kaboneti, yenye sodiamu nyingi, ambayo hutiririka kwa wepesi ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava ya kawaida, na ambayo hutoka nyeusi kisha ikapauka kwa unyevu hadi kuwa nyeupe. Kabla ya mwaka 2007 lava hiyo ilikuwa imeijaza kreta, yaani bakuli la mdomo wa volkano, hadi ikafurika, na wapandaji walitembea juu yake. Milipuko ya 2007 na 2008 ikaacha shimo refu mahali pale pale. Aliyepanda mwaka 2006 na aliyepanda mwaka 2010 walikiita kilele kwa jina moja, lakini hawakukuta kitu kimoja.

Nilikaa ukingoni kwa robo saa hivi. Jua lilipochomoza tukaanza kushuka, na hapo nikauona kwa mara ya kwanza ule ubavu wote tulioupanda, nikashukuru kwamba sikuwa nimeuona usiku.