Mali Kauli na Twiga wa Charles Lazarus

Wazee wangu shikamooni. Dada zangu na kaka zangu mnaouza nguo, nepi na vibeseni vya watoto, habari za jioni.

Nimeombwa nieleze duka la vitu vya watoto linavyokua. Ningeanza na Kariakoo, ila Kariakoo mnaijua kuliko mimi na nikikosea mtanizomea hapa hapa. (Kicheko.) Basi nawapeleka mbali, Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 1948.

Vita imekwisha, askari wamerudi makwao, wanaoa, wanazaa. Kijana mmoja aitwaye Charles Lazarus, naye katoka jeshini, anaanza biashara pale baba yake alipokuwa akitengeneza baiskeli. Anaweka vitanda vya watoto na fanicha nyingine za vichanga. Duka analiita Children's Bargain Town. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: watoto wanazaliwa wengi, na kila mtoto atataka pa kulala.

Hesabu ilikuwa na tundu. Kitanda cha mtoto hakivunjiki. Wa kwanza akikua, wa pili analala humo humo, na wa tatu pia, kisha kinapelekwa kwa shangazi. Mteja wa kitanda unamwona mara moja. Lakini akina mama walikuwa wakimuuliza kama ana vichezeo, akaweka vichache. Ndipo akaona jambo: aliyenunua mdoli anarudi. Mdoli umekatika mkono, au mtoto ameuchoka, au kaona wa jirani ni mzuri zaidi. Lazarus aliisimulia hadithi hii miaka yote, na mimi naiamini, maana hata hapa mwenye duka anaujua mzigo unaomrudisha mteja hata kama hana kitabu cha hesabu.

Mwaka 1957 akafungua duka la vichezeo vitupu huko Rockville, Maryland. Akaliita Toys "R" Us, na ile R akaigeuza nyuma mbele kama anavyoandika mtoto wa chekechea. Mpangilio aliuiga kwenye maduka ya vyakula: rafu zimepanda juu, troli mlangoni, jihudumie mwenyewe, lipa, nenda. Nembo yake ikawa twiga, baadaye akapewa jina la Geoffrey. Twiga! Mnyama wa taifa letu anauza midoli Marekani na hatujaona hata senti. (Kicheko.)

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo utajiri wake ulipo. Zamani hizo vichezeo Marekani vilikuwa biashara ya Desemba. Maduka makubwa ya idara mbalimbali yalitenga kona ya midoli Krismasi ikikaribia, sikukuu zikiisha kona inarudishiwa masufuria. Viwanda vilikaa na mzigo miezi mingi vikisubiri msimu. Lazarus yeye akauza mwaka mzima. Alipochukua mzigo mwezi ambao hakuna mwingine anayeutaka, viwanda vilifurahi, vikampa muda mrefu wa kulipa. Nyinyi jambo hili mna jina lake: mali kauli. Unachukua kwa neno lako, unauza, ndipo unalipa. Mnyororo ule wa maduka ulikua kwa fedha za watengenezaji kama ulivyokua kwa akili ya mwenyewe.

Ujanja mwingine ulikuwa pampasi. Waliziuza kwa faida kiduchu sana, ili mama mwenye kichanga azoee njia ya pale. Mtoto anakua, mama njia anaijua tayari, na sasa anaitembea kwa ajili ya baiskeli.

Mwaka 1966 aliuza kampuni, maduka manne tu, kwa dola milioni 7.5. Walionunua, Interstate Stores, wakafilisika mwaka 1974 kwa sababu ya maduka yao mengine. Tawi la vichezeo ndilo lililokuwa likipumua. Lazarus akashika usukani, na mwaka 1978 kampuni ikatoka mahakamani kwa jina la Toys "R" Us. Baada ya hapo ni mbio: nguo za watoto mwaka 1983, Canada na Singapore mwaka 1984, Uingereza mwaka uliofuata, Japani mwaka 1991. Japani ilikuwa na sheria iliyowapa wenye maduka madogo nguvu ya kuchelewesha duka kubwa lisiingie mtaani kwao, na suala hilo lilifika mezani kwa serikali mbili. Januari 1992 Rais George H. W. Bush mwenyewe alifika kwenye duka lao huko Kashihara. Rais wa nchi, kwenye duka la midoli!

Nisimpambe mno. Kampuni ilipokuwa kubwa ilianza kuwabana watengenezaji wasiwauzie bidhaa zile zile wenye maghala ya bei nafuu. Mwaka 1998 tume ya ushindani ya Marekani ikaamua kwamba huo ni uvunjaji wa sheria. Mwaka huo huo Walmart, mnyororo wa maduka yanayouza kila kitu, ikawapita kwa mauzo ya vichezeo nchini humo. Walmart haikuhitaji faida kwenye mdoli; iliushusha bei ili uje ununue na sabuni. Yaani ule ule ujanja wa pampasi, sasa wanafanyiwa wao.

Watu husema kilichowaua ni intaneti. Mimi nasema intaneti iliwajeruhi. Mwaka 2000 waliikabidhi Amazon duka lao la mtandaoni kwa mkataba wa miaka kumi, wakaishia kushtakiana. Jeraha hilo lingetibika kama fedha ingekuwepo. Lakini mwaka 2005 kampuni tatu za uwekezaji zilinunua mnyororo huo kwa dola bilioni 6.6, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo. Mkopo nani analipa? Si mnunuzi. Analipa aliyenunuliwa. Ni kama nikope benki kununua duka lako, halafu rejesho lisomeke kwa jina la duka. Riba pekee ilipita dola milioni 400 kwa mwaka. Maduka yakachakaa, taa zikafifia, na mshindani anapaka rangi.

Septemba 2017 habari zikavuja kwamba wanafikiria kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Kwa maelezo yao wenyewe mahakamani, ndani ya wiki moja karibu asilimia 40 ya wasambazaji walikataa kutuma mzigo bila fedha mkononi. Na ilikuwa Septemba, mzigo wa Krismasi unatakiwa ufike. Mali kauli iliyowajenga miaka hamsini ikakatika ndani ya siku saba. Tarehe 18 mwezi huo wakaingia mahakamani. Machi 2018 wakatangaza kufunga maduka yote ya Marekani, zaidi ya 700, yenye wafanyakazi zaidi ya 30,000. Wiki moja baada ya tangazo, Lazarus akafariki, akiwa na miaka 94.

(Swali kutoka kwa mama mmoja wa mstari wa mbele: je, yule twiga yuko wapi?)

Yupo, mama. Nchi kadhaa za Asia maduka hayakufungwa. Na Marekani jina lilipata wamiliki wapya, mwaka 2022 likafunguliwa ndani ya maduka ya Macy's. Macy's ni duka la idara mbalimbali, la aina ile ile iliyokuwa ikitenga kona ya midoli Krismasi ikikaribia. Kwa hiyo twiga amepanga chumba, pembeni ya masufuria.