SSD ya bei chee inakufa na nini?

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Mafundi wenzangu, na nyie wenye steshenari, leo naongelea hizi SSD za bei chee, yaani diski za kompyuta zinazotunza data bila kitu cha kuzunguka ndani, maana kila siku mteja anaingia na swali lile lile, "fundi, hii ya bei ndogo si itakufa mapema?" na wengi wetu tunamjibu haraka haraka itakufa, chukua ile ya juu, tunamuongezea gharama mtu ambaye kazi yake ni kuchapa barua na kuangalia mpira. Mimi hiyo tabia inaniuma, kwaiyo leo tupige hesabu pamoja.

Kwanza kwanini zinachoka. Ndani kuna seli zinashika chaji ya umeme, na kusoma data ni kupima hiyo chaji imefika wapi. Seli zina aina zake. SLC, zile za zamani, seli moja ilibeba biti 1, kwaiyo viwango viwili tu, ipo au haipo. TLC inabeba biti 3, viwango 8. QLC, ambazo ndo nyingi ya hizi za bei chee, biti 4, viwango 16 ndani ya seli ile ile. Chukua kibaba cha mchele ukichore mistari 16 badala ya miwili, punje chache zikimwagika tu ushakosea mstari. Alafu kila ukifuta na kuandika upya, ile ngozi nyembamba inayozuia chaji isitoke inachakaa, ndo maana SLC ilihimili kufutwa kama mara laki moja, TLC ni elfu moja mpaka tatu ivi, QLC mia kadhaa mpaka kama elfu. Kutoka laki mpaka mia kadhaa, lazima mtu ashtuke.

Ila hiyo ni seli moja, na kontrola, yaani ile chipu inayoendesha SSD, inazungusha kazi seli zote zichoke sawa sawa. Kwaiyo angalia TBW, jumla ya terabaiti unazoruhusiwa kuandika kabla waranti haijaisha. Samsung 870 QVO ya TB 1 ni 360, ndugu yake 870 EVO ambayo ni TLC ni 600. Intel 660p iliyotoka 2018, TB 1 pia, ilipewa 200 tu. Tuchukue hiyo hiyo ya chini kabisa. Mteja wako anaandika GB 20 kwa siku, na kwa mtu wa barua hizo ni nyingi, mwaka mzima ni TB 7.3, gawanya 200 kwa hiyo unapata miaka 27. Nani hapa ana laptopu ya miaka 27? Bawaba zitakuwa zishakatika, chaji haishiki, mtoto keshamwagia chai, na SSD bado inadai kazi.

Na TBW wenye kiwanda wanaandika kwa tahadhari. The Tech Report ya Marekani mwaka 2013 walichukua SSD sita za GB 240 mpaka 256 wakawa wanaziandika usiku na mchana mpaka zife, mwaka na nusu, zote sita zikapita TB 700, ya mwisho ikavuka TB 2,400. Hazikuwa QLC, hilo niseme wazi, ila mnaona pengo lilivyo.

Sasa kilichoniudhi mimi ni kingine. Nililetewa SSD ya jina ambalo sijawahi kuliona popote, imekaa miezi minne, mashine haiioni kabisa. Mwenyewe alikuwa na picha ya CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ya wiki moja nyuma, afya asilimia 98. Yaani seli zilikuwa nzima, umeme ulikatika katikati ya kuandika ukarudi ukakatika tena, kontrola ikapotea na ramani yake ya wapi data ipo. Ripoti ya chuo ya yule dada ilikuwa humo, nakala hana, alilia pale dukani na sikuwa na la kumsaidia. Kwaiyo bei chee sawa, ila ya kampuni inayojulikana, na ujihadhari na zile feki wameandika TB 2 kumbe ndani kuna GB 64, zijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, kabla hujamkabidhi mtu. Na usiijaze mpaka pomoni, acha nafasi kama asilimia 15, maana ikijaa inahamisha hamisha data yenyewe kwa yenyewe na kujichosha bure.

Wa studio za harusi, nyie msinisikilize kabisa kwenye hii ya QLC. Ile 870 QVO ya TB 1 ina kama GB 42 za kuandika kwa kasi, zikijaa inashuka mpaka MB 80 kwa sekunde, chini hata ya hadidiski nyingi za kuzunguka. Ukimwaga video za GB 200 utasubiri zaidi ya nusu saa na bwana harusi anapiga simu. Kamera za ulinzi nazo hapana, kamera 8 za megabiti 4 kwa sekunde ni kama GB 345 kila siku, TB 126 kwa mwaka, ile TBW 200 haimalizi hata miaka miwili.

Mama pale mbele kauliza kitu kizuri, kama ahamishie picha za wanawe kwenye SSD yake ya zamani aifungie kabatini. Mama, hapo usifanye ivo. Chaji inavuja taratibu ikikaa bila umeme, na joto linaharakisha. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kinaitaka SSD ya kawaida ikishamaliza TBW yake itunze data mwaka mmoja bila umeme, na hiyo ni kwenye nyuzi 30, ambazo hapa Dar tunazo hata kabatini. Ikiwa mpya inatunza zaidi sana, lakini yako umesema ishafanya kazi miaka sita. Picha weka kwenye hadidiski ya kuzunguka, nakala ya pili mpe dada yako akae nayo, na hiyo SSD ukifika nyumbani leo ichomeke kwanza uone kama bado zinafunguka.