Mama, letusi si mahindi

Hamjambo watu wangu wa Kisumu, na nyie wa Nakuru mnaoringia baridi yenu? Leo niko nyuma ya nyumba hapa Minneapolis, Marekani. Msinicheke, shamba lenyewe ni kama kitanda cha futi nne.

Mwaka wangu wa kwanza nilimwaga pakiti nzima ya mbegu za letusi siku moja, mwezi wa tano. Zikaota zote, zikakomaa zote. Wiki tatu nakula majani kama mbuzi, nagawia majirani mpaka wakaanza kunikwepa. Julai jua likawaka, mchana wa saa 15, kila mche ukarefuka ukatoa maua, majani yakawa shubiri. Nikarudi kununua dukani, na pakiti tupu iko mfukoni.

Sasa tazameni. Mstari huu nimepanda leo. Wa katikati una wiki mbili. Huu wa ukutani ndio ninaokula. Kila Jumamosi ya pili napanda mstari mmoja, mbegu za kubana kwa vidole tu. Na sing'oi: nakata kwa makasi, naacha kimo cha vidole viwili ili kile kimoyo cha katikati kichipue tena.

Mama naye akajaribu huko Nyalenda, Kisumu, Januari. Hakuna kilichoota. Akamlaumu muuza mbegu wiki nzima, maskini. Nikamuuliza, "Mama, ulifukia kiasi gani?" "Kama mahindi." Uwi! Mbegu ya letusi inataka mwanga ndiyo iote. Unaipaka vumbi la udongo tu, basi. Tena udongo ukipita nyuzijoto 27 hivi, nyingi hulala. Siku hizi anazifunga kwenye kitambaa kibichi, anazilaza usiku mbili kando ya mtungi wa maji, anapanda jioni, halafu anatandika gunia juu ya vijiti mpaka zichomoze. Nyie wa Nakuru, mita 1,850 huko juu, gunia hamlihitaji sana.

Na kinachoniuma: mimi Oktoba barafu inanifungia duka. Nyinyi mchana wenu ni saa 12 mwaka mzima, mnaweza kupanda Krismasi! Hata saga, ile mboga yetu ya kienyeji, mama ameigawa hivyo hivyo, kidogo kidogo, maana nayo ukichelewa inatoa maua.

Haya, simu hiyo. Kwake saa mbili usiku, kwangu saa sita mchana. Anataka kujua kama nimepanda. Mstari wake umeshaota.