Saa Sita ya Usiku Upi?

Walimu wenzangu wa Mtwara, na ninyi mliovuka kutoka Lindi, leo naomba tuziache kamera na taa za kurekodia. Hayo yameshasemwa sana. Nina jambo moja, na wanaonifahamu wanajua silichoki: ule mstari unaomwambia mwanafunzi wa mtandaoni lini alete kazi.

Chukueni tangazo la kawaida: "Kazi iwasilishwe usiku wa Ijumaa, saa 12:00." Lina maana gani? Mwanafunzi wa Mikindani au Kilwa aliyelelewa kwa hesabu ya pwani, siku yake huanza jua likizama. Kwake usiku wa Ijumaa ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mwenzake anayefuata kalenda ya ofisini atasema ni Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Hapo tayari wamepishana saa 24. Sasa njooni kwenye hiyo 12:00. Kwa Kiswahili tunaisoma saa kumi na mbili, jua linazama. Mwalimu aliyeiandika alikusudia saa sita ya usiku. Kompyuta nayo, ukiijaza 12:00, inafunga adhuhuri, maana saa sita ya usiku yenyewe inaijua kwa 00:00. Mstari mmoja, na kila msomaji ana saa yake!

Darasani hili lisingekuwa tatizo. Mtoto ananyoosha mkono, anauliza, unajibu, yameisha. Lakini huyu wa mtandaoni anasoma Newala saa tano usiku, watoto wake wamelala, na wewe umelala. Hana wa kumwuliza. Atabahatisha, na akikosea utamkata alama kwa kosa lako.

Basi andikeni hivi: "Jumamosi tarehe 14, saa 4:00 asubuhi (10:00)." Jina la siku, tarehe, saa ya Kiswahili pamoja na kipindi cha siku, halafu saa ya kompyuta kwenye mabano. Vyote vinne. Usiniambie kimoja kinatosha.

Kwa nini asubuhi? Kwa sababu wengi wao hununua bando la usiku kwa kuwa ni nafuu, na aghalabu bando hilo huanza saa sita ya usiku. Ukifunga saa sita, umefunga mlango dakika ileile mwanafunzi anapopata nguvu ya kupakia. Ukifunga saa nne asubuhi, anao usiku mzima, na faili likigoma saa mbili asubuhi wewe uko macho, unaweza kupokea simu.

Wanaotumia Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, zoezi lina tarehe mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya kuwasilisha: ikipita, mfumo bado unapokea ila unaonyesha kazi imechelewa. Ya pili ni ya kufunga kabisa: ikipita, hapokelewi mtu. Wekeni saa 48 kati yake. Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika, mtandao ulizorota nchi nzima. Mwanafunzi wa Tandahimba angefanya nini? Kisha fungueni wasifu wenu humo kwenye Moodle mhakikishe majira yamewekwa ya Dar es Salaam. Wasifu wako ukibaki kwenye majira ya UTC, yaliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, ukajaza 23:59, kwa mwanafunzi wako hapa itasomeka 02:59 ya siku inayofuata, nalo tangazo lako linasema vingine.

Najua kuna anayesema moyoni, "Wanafunzi hawasomi maelekezo." Wanasoma! Ila maelekezo umeyaweka kwenye PDF ya kurasa tatu yenye nembo ya chuo, na tarehe iko ukurasa wa tatu, naye anatumia simu ya kioo kidogo. Iandike juu kabisa ya ukurasa wa zoezi, kabla ya swali. Na watatu wakiuliza jambo moja, usiwajibu mmojammoja. Sahihisha maandishi yenyewe, uongeze "Imerekebishwa Jumanne", ndipo uwatangazie wote.

Mwingine atasema, afadhali tukutane laivu, maswali yaishe. Msimu wa korosho, mwanafunzi wako yuko shambani au kwenye mnada. Alichagua njia hii kwa sababu hawezi kukaa mbele ya kioo saa unayotaka wewe.

Swali lenyewe pia lina shida hiyohiyo. "Jadili" peke yake haitoshi. Mwambie maneno 400 hadi 500, faili moja la PDF lisilozidi MB 2, na jina la faili liwe namba ya usajili na namba ya zoezi. Asipoambiwa, atapiga picha sita za daftari, kila moja MB 4, na bando limekwisha kabla ya picha ya tatu.

Mrejesho, kwa haraka. "Vizuri" si mrejesho. Toa sentensi tatu: lipi liko sawa, kosa moja na aya lilipo, na afanye nini katika kazi ijayo. Dakika sita kwa kila mmoja, wanafunzi 40, ni saa nne kamili. Zipangieni nafasi kwenye ratiba, na mrejesho ufike kabla zoezi linalofuata halijafunguliwa, la sivyo atalirudia kosa lilelile.

Rekodi nazo, naona mwenyekiti ananitazama. Sauti ya dakika 10 kwa kilobiti 32 kwa sekunde ni MB 2.4. Video ya dakika hizohizo kwa kilobiti 500 ni MB 37.5. Kama huonyeshi kitu cha kutazamwa, toa sauti na kurasa mbili za maandishi.

Mliokuja na matangazo ya wiki hii, bakini. Tutabadilishana simu: mwenzako alisome lako bila kukuuliza neno, kisha aandike kwenye karatasi siku na saa anayodhani ni ya mwisho. Tuanze na meza ya mbele.